Siku Nne za Kwanza: Barua ya Wazi kwa Mabunge ya Kaunti za Makueni na Kitui

Kwa: Maspika na Wawakilishi Wadi, Bunge la Kaunti ya Makueni na Bunge la Kaunti ya Kitui
Nakala: Mawaziri wa Afya wa kaunti hizo mbili, kamati za leseni za vileo, machifu na wakazi wa Salama

KUH: MATIBABU YA WANAOACHA POMBE NA MIHADARATI

Waheshimiwa,

Pombe ni miongoni mwa vileo vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kumuua mtu. Heroini humtesa sana anayeiacha, lakini ni nadra kumuua kwa kuachwa tu. Bangi na miraa haziui kwa njia hiyo. Pombe huua, na anayekufa si lazima awe yule aliyelewa chakari usiku. Mara nyingi ni yule aliyeamua kuacha, au aliyelazimishwa, akabaki bila mtu wa kumwangalia.

Sababu yake iko kwenye ubongo. Pombe huutuliza. Mtu akinywa makali kila siku kwa miaka mingi, ubongo hujizoesha kufanya kazi dhidi ya utulizo huo: huongeza nguvu za msisimko na kupunguza zile za kutuliza, kama dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu kwa sababu breki zimekamata. Pombe ikikatika, breki huachia kwa mpigo na gari huruka. Saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, tumbo hukataa chakula na usingizi hauji. Wanywaji wanaijua hali hiyo vizuri, na dawa yao ni kutoa loku alfajiri, bilauri moja kabla ya chai. Majirani wakimwona huona mtu asiye na haya. Daktari akimwona huona dalili ya kwanza ya mwili usioweza tena kukaa bila pombe.

Kati ya saa 6 na saa 48 kinaweza kuja kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Kati ya siku ya pili na ya nne huja hatari kubwa zaidi: kuweweseka. Mgonjwa hajui alipo, huona wadudu ukutani na watu wasiokuwapo, hupigana na walio karibu naye, joto la mwili hupanda na moyo huchoka. Si kila mraibu anayefika huko. Wengi hutetemeka siku chache kisha wakatulia. Lakini kabla ya dawa za kisasa, wale waliofika walikufa kwa wingi, hata mmoja kati ya watatu. Kwa matibabu ya leo vifo hushuka chini ya watano kwa kila mia. Tofauti ya vifo hivyo inatokana na kitanda, dawa mbili tatu na muuguzi anayejua anachokitazama.

Katika Ukambani, mtu anayeongea na wasioonekana usiku wa manane hupelekwa kwanza kwa mwombaji au kwa mganga, na si ajabu jirani akashukiwa kwamba amemroga. Wengine hufika zahanati wakapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na vidonge. Swali ambalo lingefumbua jambo lote, yaani lini alikunywa mara ya mwisho, halikuulizwa, au mama yake aliona aibu kulijibu.

Matibabu yenyewe si ya ajabu. Dawa kuu ni diazepamu au jamii yake, inayoutuliza ubongo kwa kiasi kinachopunguzwa siku baada ya siku mpaka inaachwa kabisa, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Nayo ina uraibu wake ikitumiwa ovyo, na ikichanganywa na pombe humzuia mtu kupumua, kwa hiyo haifai kuuzwa dukani ili mtu akajitibu nyumbani. Ya pili ni thiamini, vitamini B1. Mlevi wa miaka mingi hali vizuri, na hata anachokula tumbo lake halikifyonzi sawasawa. Upungufu wa vitamini hiyo hushambulia ubongo: macho huchezacheza, miguu hupepesuka mtu akiwa hajanywa, akili huchanganyikiwa, na baadaye kumbukumbu hupotea isirudi. Carl Wernicke, daktari Mjerumani, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1881, na bado unawapita wahudumu wengi kwa sababu unafanana sana na ulevi wenyewe. Hapa pana jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mlevi anapofika hospitali akiwa dhaifu, hutundikiwa dripu ya sukari. Sukari hiyo, ikitangulia thiamini, yaweza kumaliza akiba ndogo ya vitamini iliyobaki mwilini na kuuchochea ugonjwa huo. Sindano ya thiamini ni rahisi. Kinachokosekana ni mazoea ya kuidunga mapema.

Kazi hii haimhitaji daktari bingwa wa akili. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo wa kuwawezesha wauguzi na maafisa wa kliniki wa hospitali za kawaida kutibu magonjwa ya akili na uraibu, kuacha pombe kukiwemo. Si wote wanaohitaji kulazwa. Anayetetemeka kidogo, ambaye hajawahi kupata kifafa na ana mtu wa kukaa naye, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani na kuonwa kila siku. Wa kulazwa ni aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha, mwenye ugonjwa mwingine, mjamzito, na asiye na mtu wa kumwangalia.

Dawa nyingine za kulevya zina ratiba tofauti. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuiacha, huanza ndani ya siku moja: mafua, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi, ikafika kilele siku ya pili au ya tatu na kutulia baada ya wiki moja hivi. Hatari yake kubwa huja baadaye. Mwili uliokaa wiki chache bila heroini husahau kuistahimili, na mtu akirudia kipimo chake cha zamani hukata pumzi. Ndiyo sababu kumfungia mtumiaji wa heroini ndani mpaka atoke msafi, kisha kumwacha hivyo hivyo, kunaweza kuwa kumwandalia kifo. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni methadoni ya kila siku chini ya uangalizi. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilifuata kwa kliniki ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa. Bangi, miraa na muguka haziachi mwili katika hatari ya aina hiyo. Anayeziacha hukasirika upesi, hukosa usingizi, au hulala mno na kuzama katika huzuni, na anachohitaji zaidi ni ushauri na muda.

Kwa Makueni na Kitui, basi, suala kuu ni pombe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya alikuwa akinywa pombe, na 1 kati ya 20 alikuwa na uraibu wake. Wenye uraibu huo walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 1.3.

Salama ni mji mdogo wa Mukaa katika Kaunti ya Makueni, kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kabla ya Sultan Hamud kwa anayetoka Nairobi. Ni mji wa barabara: malori husimama, na palipo na malori pana nyama choma, vyumba vya kulala na baa. Mwingi, huko Kitui, una maisha yanayofanana na hayo kwenye barabara ya Garissa. Uki wa Wakamba, uliotengenezwa kwa asali au miwa na kuchachushwa kwa tunda la kiatine, ulikuwa kinywaji cha wazee na cha shughuli, na kijana alikatazwa. Mipaka hiyo haina nguvu kwenye mji wa barabara, ambako kinywaji ni cha yeyote mwenye shilingi. Hakuna haja ya kuupamba wakati wa zamani, maana wazee nao walilewa. Lakini uki haukuwa na nguvu ya makali ya leo, na haukuuzwa kila saa.

Serikali imezoea kulijibu tatizo hili kwa msako. Msako una sababu zake, na sababu kubwa ni methanoli. Pombe hiyo ya viwandani haitofautishwi na ile ya kunywewa kwa kuitazama wala kuionja, lakini ini huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho kwanza na mwenyewe baadaye. Mwaka 2000 iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Juni 2005 ilikuwa zamu ya Machakos, takriban watu 50. Mei 2014 walikufa makumi ya watu Embu, Kitui na kaunti jirani, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Februari 2024 ikaja Kirinyaga, na mwezi uliofuata Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza masharti mapya dhidi ya pombe haramu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeomba vinywaji hivyo viachwe viuzwe.

Hata hivyo msako unaoishia kwenye kumwaga mapipa umefanya nusu ya kazi tu. Siku baa za mji zinapofungwa kwa pamoja, kila mraibu wa mji huo anaingia siku ya kwanza kati ya zile nne. Mwenye nauli huenda mji wa pili. Asiye nayo hutafuta kilichofichwa, ambacho ndicho kinachochanganywa na methanoli. Au hubaki kitandani akitetemeka. Na anayekamatwa je? Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa muda huo unaisha mahakama ikiwa imefungwa. Mlevi aliyekamatwa Salama Ijumaa jioni, asipopewa dhamana ya polisi, hukaa seli mpaka Jumatatu asubuhi. Hizo ni saa 60 na zaidi, yaani muda wote wa kifafa na mwanzo wa kuweweseka, sakafuni, pamoja na watu wanaodhani anajifanya. Afisa wa zamu hakufundishwa kuyatambua hayo, na si haki kumlaumu peke yake.

Mwezi Julai 2025 serikali ya kitaifa ilizindua sera mpya ya vileo na mihadarati. Karibu mjadala wote ukahusu pendekezo moja, la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Huenda ni pendekezo zuri. Halimsaidii mwanamume wa miaka 40 aliyeanza kutetemeka alfajiri ya leo.

Mamlaka ya kumsaidia mtu huyo yako mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya, utoaji wa leseni za vileo na udhibiti wa mihadarati, yote matatu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalimhesabu mwenye uraibu wa pombe au dawa miongoni mwa wagonjwa wa akili wanaostahili kutibiwa, na yakazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo. Kaunti haiwezi kupokea ada ya leseni kutoka kwa mwenye baa kisha ikasema kwamba mlevi ni mzigo wa familia yake au wa kanisa. Ada hiyo haitoshi kutibu kila mtu, lakini ndiyo pesa inayotoka moja kwa moja kwenye chanzo cha ugonjwa, na sehemu yake iliyotengwa kwa matibabu inapaswa kuonekana waziwazi kwenye bajeti, ikiwa na jina lake.

Makueni haihitaji kufundishwa jinsi ya kuanza. Mwaka 2016 kaunti hiyo ilianzisha MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, wakati ambapo kaunti nyingi zilikuwa bado zinajadili bima. Kitui nayo ilianzisha bima yake ya afya mwaka 2018. Mipango hiyo imepitwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya NHIF Oktoba 2024, ila ilionyesha kwamba hospitali ya kaunti ndogo ikipewa dawa na watu, wagonjwa huja.

Kwa mkazi wa Salama, mji wa Wote, makao makuu ya kaunti, ni mbali: hupitia Emali au hupanda milima ya Kilungu. Hospitali ya Sultan Hamud iko kwenye barabara ile ile. Vitanda viwili vya kuwalaza wanaoacha pombe hapo, diazepamu na thiamini zisizokatika ghalani, na wauguzi waliofundishwa mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani, vingetosha kuanzia. Vitanda hivyo viwe katika wodi ya kawaida. Jengo jipya lenye bango kubwa lingechukua miaka kukamilika, na watu wangeona aibu kuingia. Kazi ya kuwatafuta wagonjwa inaweza kubebwa na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamepewa vifaa na posho na huzunguka nyumba kwa nyumba. Tayari wanajua ni nyumba gani. Wapewe maswali matatu ya kuuliza: anakunywa mara ngapi kwa wiki, je, hutetemeka asubuhi asipokunywa, na je, amewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha.

Kuondoa sumu mwilini si kupona. Mtu aliyemaliza siku nne, hata siku kumi, ana mwili uliotulia na maisha yale yale: deni lile lile, marafiki wale wale, njia ya kurudi nyumbani inayopita mbele ya baa ile ile. Wengi hurudia. Madaktari hukuhesabu kurudia huko kuwa sehemu ya ugonjwa, kama sukari inayopanda kwa mgonjwa wa kisukari, na humrudisha kwenye tiba. Familia na wachungaji hukuona kuwa usaliti. Msimamo wa madaktari hauna huruma zaidi, ila una matokeo mazuri zaidi, kwa sababu anayeaibishwa hujificha na anayejificha hatibiwi.

Kituo cha kurekebisha tabia, ambacho watu huita rihabu, kwa kawaida humweka mtu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kuna vituo vizuri nchini, na Mradi wa Omari huko Malindi umekuwa ukiwahudumia watumiaji wa heroini tangu miaka ya 1990. Vile vya binafsi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, kiasi kinachoiuzisha familia ya Mukaa ng'ombe au kipande cha shamba. Uchungu wa gharama hiyo ndio unaowafanya ndugu wamkamate mtu usiku, wamfunge kamba na kumpeleka kwa nguvu mahali ambapo hakuna anayejua dozi ya diazepamu. NACADA ina viwango vya vituo hivyo na huvikagua. Kaunti nayo inaweza kukataa kukipa kibali cha biashara kituo kisichotimiza viwango. Zanzibar, tangu mwaka 2009, imekuwa na nyumba za walioacha, zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, ambamo mtu anaishi na kufanya kazi miongoni mwa wenzake kabla ya kurudi mtaani. Njia hiyo ni ya gharama ndogo kuliko hospitali na inafaa kuigwa bara, mradi awepo muuguzi wa siku za mwanzo.

Si wote wanaohitaji kulala nje ya nyumba zao. Kikundi cha walioacha, kinachokutana jioni moja kwa wiki katika ukumbi wa kanisa au chini ya mwembe wa ofisi ya chifu, kimewasaidia watu duniani kote tangu Alcoholics Anonymous ilipoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935. Dawa pia zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza nalteksoni na akamprosati, zinazopunguza hamu ya pombe, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Bado ni ngeni kwa hospitali nyingi za kaunti ndogo, na kamati za dawa za Makueni na Kitui zinaweza kuzijadili pasipo kuisubiri Nairobi. Anayetaka kuzungumza na mshauri leo anaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, ingawa namba hiyo haionekani kwenye kuta za baa. Sharti la leseni lingeweza kuibandika huko, karibu na orodha ya bei.

Barua hii inayaomba mabunge haya mawili mambo ambayo mengi yako ndani ya mamlaka yao. Bajeti ijayo ioneshe fungu la matibabu linalotokana na ada za leseni. Hospitali ya Sultan Hamud na ya Mwingi zianze na vitanda viwili viwili. Kila msako unaopangwa na kamati za usalama, ambazo ziko chini ya serikali ya kitaifa, utanguliwe na taarifa kwa msimamizi wa afya wa kaunti ndogo, ili dawa ziwepo na muuguzi awe zamu wiki hiyo. Vituo vya polisi vipewe karatasi moja ya dalili, ya Kiswahili na ya Kikamba, na namba ya hospitali ya kupigiwa usiku. Na daftari la kila hospitali liwe na safu ya waliolazwa kwa kuacha pombe, waliokufa na waliorudi, isomwe bungeni kila baada ya miezi mitatu pamoja na hesabu ya mapipa yaliyomwagwa.